Tabasamu Bila Kuziba Mdomo: Mambo ya Kujua Kabla Hujatengeneza Meno

Akina mama wenzangu, hebu tazameni vizuri katika mkusanyiko wowote wa wanawake, uwe wa harusi, wa kipaimara au wa jumuiya. Kichekesho kikitolewa, wengi watacheka kwa kinywa wazi. Lakini hapo hapo utamwona mmoja anavuta ncha ya kanga na kufunika mdomo, na mwingine anainamisha kichwa mpaka kicheko kipite. Picha ikipigwa, hao ndio wanaofumba midomo. Si kwamba hawana furaha. Wanaona haya kwa sababu ya meno yao.

Siku hizi mambo ya kutengeneza meno yanazungumzwa sana. Mabango ya kliniki yanaonyesha meno meupe kama maziwa, na saluni nazo zimeanza kutangaza kwamba zinaweza kuyang'arisha kwa nusu saa. Akina mama wanatuuliza sisi wauguzi: Je, ni kweli meno yanaweza kubadilishwa rangi? Ni salama? Gharama yake inalingana na faida? Katika makala haya tutajibu maswali hayo, ili kila mama aamue kwa kujua na si kwa kufuata mkumbo.

Kwa nini meno hubadilika rangi?

Kabla ya kutafuta dawa, lazima tujue ugonjwa. Rangi mbaya ya meno ni ya aina mbili. Ya kwanza hukaa juu ya jino. Hii huletwa na chai ya rangi, kahawa, sigara, ugoro, mirungi na tambuu, au na ukoga ulioachwa siku nyingi mpaka ukawa mgumu kama jiwe. Rangi ya namna hii huondoka kwa kusafishwa na mtaalamu.

Aina ya pili iko ndani ya jino lenyewe, na hapo mswaki haufiki hata ukisugua asubuhi mpaka jioni. Sababu zake ni kadhaa. Jino lililopigwa, kwa mfano mtoto alipoanguka, huweza kufa ndani na kugeuka kijivu baada ya miezi au miaka. Jino linalooza huwa na weusi. Dawa ya tetrasaiklini, ikitumiwa na mama mjamzito katika nusu ya pili ya mimba au na mtoto aliye chini ya miaka 8, huingia katika meno yanayojengeka na kuyaachia mistari ya kijivu au ya manjano iliyoiva. Ndiyo maana hatupendi mama anunue vidonge dukani na kumpa mtoto bila ya kumwona mganga. Na sababu kubwa kuliko zote kwetu sisi wa mikoa ya kaskazini ni madini ya floridi yaliyomo katika maji.

Maji yetu na magadi yetu

Wengi wetu tuliozaliwa pande za Arusha, Meru na sehemu za Kilimanjaro, Manyara na Singida tunayajua meno ya kahawia tangu utoto. Wenzetu wa Nakuru na sehemu nyingine za Bonde la Ufa nchini Kenya wanayajua pia. Mtu akisafiri kwenda Dar es Salaam, akifungua kinywa tu, wenyeji wanamwambia, "Wewe umetoka Arusha." Wengine husema ni uchafu, au kwamba mtu huyo hapigi mswaki. Maneno hayo si ya kweli, nayo yamewaumiza wasichana wengi.

Floridi kwa kiasi kidogo huimarisha meno yasioze. Ikizidi, huharibu gamba la nje la jino wakati linajengeka ndani ya ufizi, hata kabla jino halijaota. Shirika la Afya Duniani linashauri kiasi chake katika maji ya kunywa kisizidi miligramu 1.5 kwa lita moja. Katika miteremko ya Mlima Meru, ambako udongo na miamba ni ya volkano, vipo vijito na chemchemi zenye floridi mara kadhaa zaidi ya kiwango hicho. Sehemu za Maji ya Chai ni mfano unaojulikana. Floridi yenyewe haina rangi, haina harufu wala ladha. Maji yanaweza kuwa meupe na matamu, kumbe yamebeba floridi nyingi.

Jambo hili halikuanzia kwetu, wala si laana ya ukoo. Mwaka 1901 daktari kijana wa meno aliyeitwa Frederick McKay alifika katika mji wa Colorado Springs huko Marekani na kukuta wenyeji wengi wana meno ya kahawia. Alitafuta sababu kwa miaka mingi, na mwaka 1931 ndipo uchunguzi wa maji ulipoonyesha kwamba chanzo ni floridi. Kwa hiyo watu wa Meru na watu wa Colorado walipata meno ya aina moja kwa sababu moja.

Yupo na mshirika mwingine wa floridi, naye anakaa jikoni mwetu. Ni magadi. Tunayatia katika makande, maharage na mboga ili viive upesi. Magadi yanayotoka katika maziwa ya Bonde la Ufa yanaweza kuwa na floridi nyingi sana. Watafiti wamekuta watoto wenye meno ya kahawia hata katika vijiji vya Tanzania ambavyo maji yake hayana floridi nyingi, na magadi ya kupikia yakatajwa kuwa chanzo.

Afya kwanza, urembo baadaye

Mpenzi msomaji, nyumba yenye nguzo zilizoliwa na mchwa haianzi kupakwa rangi. Ndivyo ilivyo kwa kinywa. Kama fizi zinatoka damu unapopiga mswaki, kama kuna jino lililotoboka, au kinywa kinanuka hata baada ya kusafishwa, anza hapo. Daktari mwema wa meno atakataa kukung'arisha meno kabla hajaziba matundu na kutibu fizi, na akifanya hivyo usidhani anakuchelewesha. Dawa ya kung'arisha ikiingia katika jino lililotoboka huleta maumivu makali. Jino lililowekewa gamba zuri juu ya uozo litaendelea kuoza kwa siri.

Mara nyingi mama akishasafishwa meno vizuri, ukoga wote ukatolewa na fizi zikapona, hugundua kwamba hahitaji jambo jingine. Nimewaona waliokuja wakitaka meno mapya, wakaridhika na yale yale waliyopewa na Mungu baada ya kusafishwa mara moja.

Njia zinazotumiwa na madaktari

Baada ya kinywa kuwa na afya, hizi ndizo njia zinazotumika kurekebisha tabasamu. Nazipanga kuanzia ile isiyogusa sana jino.

Kupausha. Daktari hutumia dawa yenye haidrojeni peroksaidi au jamaa yake. Hupenya katika gamba la jino na kupunguza rangi. Inaweza kufanywa kliniki, au ukatengenezewa kifuniko cha plastiki kinachofuata umbo la meno yako, ukawa unatia dawa kidogo nyumbani kwa siku ulizoambiwa. Meno mengi huhisi ubaridi na moto kwa siku chache, kisha hali hiyo hupita. Dawa hii haibadilishi rangi ya meno ya bandia wala ya mahali palipozibwa, kwa hiyo mwenye kuzibwa meno ya mbele aseme mapema. Nayo haidumu milele. Ukirudia chai ya rangi vikombe vitano kwa siku, rangi itarudi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2012 sheria imezuia dawa kali za aina hii kuuzwa kwa watu wa kawaida na kutumiwa kwa walio chini ya miaka 18. Hapo utaona kwamba si kitu cha kununua barabarani.

Kusugua madoa. Kwa meno yenye madoa ya kahawia ya floridi yasiyo ya ndani sana, daktari anaweza kusugua tabaka jembamba mno la juu kwa unga laini uliochanganywa na asidi kidogo, huku akizikinga fizi kwa mpira. Kazi hii haiumi na mara nyingi haihitaji ganzi. Baada ya hapo meno huweza kupaushwa ili rangi zilingane. Kwa mtu mwenye madoa ya wastani, njia hizi mbili pamoja huleta nafuu kubwa.

Kubandika kompositi. Hii ni dawa laini inayofanana na rangi ya jino, hupakwa na kugandishwa kwa mwanga wa bluu. Hufunika madoa, hujaza jino lililovunjika ncha na huziba nafasi. Ilianza kuwezekana baada ya mwaka 1955, Michael Buonocore wa Marekani alipoonyesha kwamba jino likipakwa asidi kidogo kwanza, dawa hushika imara. Kazi huweza kumalizika kwa siku moja, na mara nyingi jino halichongwi sana. Lakini hubadilika rangi na kumeguka. Wengi hulazimika kuitengeneza tena baada ya miaka 5 hadi 7.

Vinia. Hivi ni vigamba vyembamba vya kauri vinavyotengenezwa maabara na kugandishwa mbele ya meno. Hupendeza sana na vikitunzwa huweza kudumu miaka 10 na zaidi. Lakini sikilizeni vizuri hapa. Ili vikae, mara nyingi daktari hulazimika kuchonga sehemu ya gamba la jino, na gamba hilo halioti tena. Ukishachongwa, hakuna kurudi nyuma. Maisha yako yote jino hilo litahitaji kufunikwa. Kwa msichana wa miaka 17 mwenye meno mazima, huo ni uamuzi mzito sana.

Kofia na madaraja. Jino lililovunjika sana, au lililotibiwa mzizi, huchongwa pande zote na kuvikwa kofia. Daraja hushikilia jino la bandia kwa kuegemea meno mawili ya jirani.

Kuziba pengo. Meno ya bandia ya kuvaa na kuvua ndiyo ya bei nafuu na yamewasaidia wengi. Yavuliwe usiku na kuoshwa. Ipo pia njia ya kupandikiza, yaani skrubu ya madini ya titani huwekwa ndani ya mfupa wa taya na kuachwa ishikane nao kwa miezi kadhaa kabla ya kuvikwa jino. Profesa Per-Ingvar Brånemark wa Sweden alimwekea mgonjwa wa kwanza mwaka 1965. Ni njia nzuri lakini ni ya gharama kubwa, na mwenye kisukari kisichodhibitiwa au mvutaji wa sigara hupona kwa shida.

Waya za kupanga meno. Meno yaliyopandana au yaliyochomoza huvutwa polepole kwa waya, mara nyingi kwa mwaka mmoja na nusu hadi miwili au zaidi. Hata mtu mzima anaweza kuvaa. Zikitolewa, lazima uvae kishikizo, vinginevyo meno hurudi yalikotoka.

Mwanya si kasoro

Katika nchi zetu mwanya wa meno ya mbele juu umesifiwa tangu zamani. Mabibi zetu waliona ni pambo. Ajabu ni kwamba vitabu vingi vya kigeni huuhesabu mwanya kuwa kasoro ya kuzibwa. Kama unao na unaupenda, usikubali kuambiwa kwamba una ugonjwa. Lakini mwanya ulioanza kufunguka ukubwani, ambao hukuwa nao zamani, unaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa fizi na mfupa. Huo uonyeshe kwa daktari.

Upo na mtindo mwingine wa wasiokuwa na mwanya kwenda kuchongwa ili waupate. Mchongaji hutumia tupa. Gamba la jino likiisha, jino hubaki linauma kwa maji baridi, kisha huoza katikati ya kinywa, mahali pasipofichika. Dada aliyetaka kuongeza uzuri huishia kung'oa meno mawili ya mbele.

Dawa za mitaani

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Wapo wanaosugua meno kwa ndimu. Ndimu ni kali sana. Gamba la jino huyeyuka. Siku ya kwanza meno huonekana meupe, baadaye huwa ya manjano zaidi, kwa maana gamba jeupe limeliwa na sehemu ya ndani ya manjano inaonekana. Wapo wanaosugua kwa mkaa uliosagwa, mchanga au majivu. Hivi hukwangua. Wapo hata waliotumia dawa ya kufulia nguo nyeupe. Hiyo huunguza fizi, na ikimezwa ni sumu.

Mama mmoja, mwenye watoto watatu, alikuja kituoni kwetu na uvimbe shavuni. Alizungumza ameweka kiganja mdomoni. Nilipomwomba afungue, nikaona meno sita ya juu yamebandikwa vigamba vya plastiki vilivyoungana kama ukanda mmoja.

"Sista," aliniambia kwa sauti ya chini, "nilitaka nipendeze kwenye harusi ya mdogo wangu. Yule kijana wa saluni aliniambia hayaumi na hayatoki."

"Ulipiga mswaki katikati yake?" nikamwuliza.

"Ungepita wapi, sista? Yameshikana yote."

Alikuwa amekaa nayo miezi minane. Tulimpeleka kwa daktari wa meno hospitali ya mkoa. Vigamba vilipotolewa, chini yake chakula kilikuwa kimeoza na fizi zilikuwa zimevimba na kutoka usaha. Meno mawili hayakuweza kuokolewa. Yale meno yake ya mwanzo, aliyoyaonea haya, yalikuwa na madoa ya kahawia tu. Hayakuwa na tundu hata moja. Daktari alitibu fizi, akayasafisha manne yaliyobaki, na baada ya miezi michache akamwekea meno ya bandia mahali pa yale mawili. Leo anacheka tena, lakini amelipa mara mbili na amepoteza kisichorudi.

Kwa hiyo, kabla hujafungua kinywa mbele ya mtu, mwulize kama amesajiliwa. Kwa Tanzania Bara, madaktari wa meno husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Mtu mwenye haki ya kugusa meno yako hataona aibu kukuonyesha cheti chake. Tazama pia kama anavaa glovu mpya kwa kila mgonjwa na kama vyombo vyake vinachemshwa kwa mashine ya kuua vijidudu. Homa ya ini na virusi vya UKIMWI huweza kupita katika chombo kichafu chenye damu.

Mama mjamzito na anayenyonyesha

Akina mama wengi hudhani mjamzito haruhusiwi kwenda kwa daktari wa meno. Si kweli. Kusafishwa, kuzibwa na hata kung'olewa jino linalouma huweza kufanywa, na miezi ya kati ya mimba ndiyo yenye nafuu zaidi. Fizi hutoka damu kwa urahisi wakati huo, kwa hiyo usafi unatakiwa zaidi. Mwambie daktari una mimba ya miezi mingapi. Lakini kupausha na mambo mengine ya urembo yaachwe mpaka umejifungua na kumaliza kunyonyesha. Hayana haraka.

Maswali ya kumwuliza daktari

Ukiisha kuamua, nenda na maswali haya, ikibidi yaandike:

1. Meno yangu yana tatizo gani hasa, na rangi hii imetoka wapi?
2. Ipo njia isiyochonga jino ambayo tunaweza kuanza nayo?
3. Kazi hii itadumu miaka mingapi, na ikiharibika nitalipa kiasi gani kuirudia?
4. Nitatakiwa kuja mara ngapi?
5. Naweza kuona picha za kazi kama hii uliyoifanya wewe mwenyewe?

Daktari akikasirika kwa kuulizwa, tafuta mwingine. Na akikuambia uchonge meno manane siku ile ile ya kwanza, mwambie utarudi, kisha nenda ukafikiri.

Fedha ya nyumba

Matibabu ya urembo kwa kawaida hayalipiwi na bima. Kwa hiyo ni fedha ya familia. Zungumza na mwenzako kabla, msipange kwa siri. Si vizuri baba akute ada ya shule imekwenda kliniki, na si vizuri pia mama anyimwe matibabu ya jino lililovunjika kwa kuambiwa ni anasa. Mkiwa na kipato kidogo, fuateni mpango huu: kwanza maumivu na uozo wa kila mmoja nyumbani, pili kusafishwa, tatu pengo la mbele, na mwisho rangi. Hospitali za serikali na za makanisa zenye idara ya meno hutoza nafuu kuliko kliniki za mjini.

Je, ni majivuno?

Swali hili nimeulizwa mara nyingi na kina mama kanisani. Waraka wa kwanza wa Petro unatuonya tusiutegemeze uzuri wetu katika mapambo ya nje. Lakini yule mwalimu wa Sunday School anayefundisha huku amefunika mdomo, au binti anayekataa kusoma mbele ya darasa kwa kuogopa kuchekwa, hatafuti mapambo. Anatafuta kusema na watu bila hofu. Kumsaidia ni sawa na kumpa miwani asiyeona vizuri. Majivuno huanza pale ambapo mtu mwenye meno mazima anakopa ili yawe meupe kuliko ya jirani. Kila mmoja aupime moyo wake. Na sisi wengine tujifunze kunyamaza: mzaha juu ya meno ya mtu humfunga kinywa kwa miaka.

Tabasamu la watoto liko mikononi mwetu

Jambo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Meno ya mbele ya ukubwani hujengwa ndani ya ufizi wa mtoto katika miaka yake ya mwanzo, hasa kabla hajatimiza miaka 4. Yanayoharibika wakati huo hayaonekani mpaka afikishe miaka 6 au 7, na hapo sisi hushangaa. Kwa hiyo mama wa mtoto mchanga ndiye mwenye nafasi ya kuzuia. Fanyeni haya:

Ulizeni maji yenu yamepimwa floridi kiasi gani. Ofisi ya maji inaweza kuwaambia. Kama ni nyingi, tafuteni maji mengine kwa kunywa na kupikia watoto wadogo, hata kama ya kuoga na kufulia ni yale yale. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi hayana floridi ya kutisha.

Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakutoi floridi. Yakipungua sufuriani, floridi hubaki na kuwa nzito zaidi. Vichujio vya kawaida havisaidii. Kinachosaidia ni kichujio chenye mkaa wa mifupa iliyochomwa maalum. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto huko Arusha kimeshughulikia njia hizo, na huko Kenya Jimbo Katoliki la Nakuru lilitengeneza vichujio vya namna hiyo.

Acheni magadi katika chakula cha watoto. Loweka maharage na mahindi usiku kucha, yataiva bila magadi. Floridi ikizidi sana haiishii kwenye meno. Huweza kupinda miguu ya mtoto na kukaza viungo vya mtu mzima.

Msimruhusu mtu yeyote kumtoboa mtoto fizi kwa kudai ana meno ya nailoni. Imani hiyo ilienea nchini tangu miaka ya 1980. Kile kinachotolewa ni jino changa la mtoto mwenyewe, na jino la ukubwani lililo chini yake huumia. Mtoto mwenye homa na kuhara apelekwe zahanati.

Mtoto aliye chini ya miaka 3 apakiwe dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka 3 hadi 6 kiasi cha punje ya mbaazi. Afundishwe kutema, asimeze. Msimlaze na chupa ya chai ya sukari. Na meno ya utoto yasing'olewe ovyo kwa kisingizio kwamba yataota mengine. Hayo ndiyo yanayowashikia nafasi wenzao, na yakitoka mapema yale ya ukubwani huota yamepandana.

Akina mama wenzangu, Mithali 15:13 inatukumbusha kwamba furaha iliyo moyoni huonekana usoni. Kama kuna kinachoizuia furaha yako isionekane, tafuta msaada wa kweli kwa mtu aliyesomea, kwa hatua ndogo ndogo, bila pupa. Na leo jioni, kabla hujatia magadi katika sufuria ya maharage, mtazame mtoto wako anayecheka hapo jikoni. Meno atakayochekea harusini kwake yanajengwa sasa.